Namna ya Kuchangia Gemu na Kupoteza Fedha kwa Heshima

Sogea karibu. Ni Agosti, mahindi umeshauza, baridi ya Sumbawanga imekuingiza kwenye kibanda cha gemu. Unasubiri zamu yako ya pedi, na kwenye simu yako kuna video ya gemu ambalo bado halijatengenezwa. Wenyewe wanaomba mchango. Unataka kuchanga? Changa. Ila kuchanga kuna ufundi wake, na nusu ya ufundi huo ni kujua kupoteza.

1. Iage fedha kabla hujaituma.

Ukishindwa kuiaga, punguza kiasi. Fanya kama kwenye mchango wa harusi: unapokea kadi ya mtoto wa jirani kule Laela, unaandika ahadi, unalipa, unakwenda kula pilau. Ndoa ikivunjika mwaka wa pili, hurudi kwa kamati kudai chako. Kickstarter, mtandao wa kuchangisha, wenyewe wanasema wazi kwamba wao si duka, nawe waamini. Na atakayekuambia fedha yako itazaa, mkimbie. Tuliwahi kuambiwa tupande mbegu tuvune. Ilikuwa DECI, upatu ambao serikali iliufunga mwaka 2009, na waliopanda wakabaki wanaulizana mavuno yako wapi.

2. Ruka video.

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Video imetengenezwa ili uzimie. Nenda moja kwa moja kwenye kionjo cha kucheza. Kama hakuna hata chumba kimoja ambamo mhusika anatembea ukibonyeza, rudisha simu mfukoni.

3. Uliza mishahara.

Watu wangapi, miezi mingapi, nani analipwa lini? Uliza bila haya, kama mweka hazina wa kamati. Mwaka 2012 gemu la Yogventures lilichangiwa zaidi ya dola 560,000. Kiongozi wa studio alisimulia baadaye kwamba mchoraji mmoja alilipwa dola 35,000 kwa mkupuo, akafanya kazi kama wiki mbili, akapata ajira kwingine. Mwaka 2014 gemu lilifutwa. Hata wazoefu hupotea: mwaka huohuo wa 2012 Double Fine waliomba dola 400,000, wakapewa zaidi ya milioni tatu, na bado fedha ikapungua hadi wakaligawa gemu lao, Broken Age, sehemu mbili. Walilimaliza mwaka 2015, nami nawaheshimu kwa kulimaliza.

4. Chukua sifa, acha fulana.

Unataka jina lako lipite kwenye kioo gemu likiisha, na vijana wa kibandani walione. Ni haki yako, umelilipia. Chagua ngazi ya mchango ya chini kabisa inayotoa jina. Fulana na vinyago vinashonwa, vinafungwa, vinasafirishwa, na gharama yote hiyo inatoka kwenye fedha ya gemu.

5. Ukishachanga, nyamaza.

Gemu likichelewa, usiongeze fedha kwa sababu ya hasira. Star Citizen walianza kuchangisha mwaka 2012 wakiahidi gemu la 2014. Mwaka 2022 michango ilipita dola milioni 500, na gemu kamili lilikuwa halijatoka. Lakini usiseme wote wako hivyo. Hollow Knight ya Team Cherry, studio ndogo ya Adelaide, Australia, ilichangiwa kama dola 57,000 za huko mwaka 2014. Ilitoka mwaka 2017, na leo inachezwa dunia nzima.

Sasa nikueleze kwa nini nakuhimiza, pamoja na hasara zote hizo. Kiro'o Games, vijana wa Yaoundé nchini Kameruni, walichangisha zaidi ya euro 40,000 mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakatoa Aurion, gemu lililojengwa juu ya hadithi na sura za Afrika. Kampuni gani kubwa ingetengeneza gemu kama hilo? Na kampuni gani itachora mteremko wa Lyamba lya Mfipa unavyoshuka kwenda bonde la Ziwa Rukwa? Nani atakupa gemu la malungu, zile tanuru za udongo zinazompita mtu kimo, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma? Hebu lifikirie: unatafuta mawe, unachoma mkaa, unakusanya watu, unawasha moto, na hujui kitatoka chuma au takataka. Mimi ningelicheza hadi umeme ukatike. Atakayelitengeneza ni kijana wa Sumbawanga, Namanyere au Matai, na hatalitengeneza kwa njaa.

6. Usiwasubiri Kickstarter.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo wanaruhusu mtu aombe akiwa kwake. Kwa hiyo mchangieni kijana huyo hapa hapa. Fungueni mfuko wa kikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambao fedha haitoki bila idhini ya wenzenu. Mpeni kwa mafungu: la kwanza la kionjo, akikileta kikachezwa kibandani, la pili. Mlipeni chakula na bando, msimlipe kwa shukrani. Akishindwa, mdaini kitu kimoja tu: asimame mbele ya waliochanga aeleze fedha ilikwenda wapi. Akieleza kweli, mchangieni tena gemu la pili.