Mheshimiwa Asilimia Kumi

Asubuhi ya leo mkaanga rolex wa karibu na soko la Wandegeya ameniuliza, foleni nzima ikisikiliza, kama nataka mayai mawili au mawili na asilimia kumi. Watu walicheka mpaka kijana wa boda akampoteza abiria. Ina maana habari imekwisha toka uani kwetu, imevuka barabara ya Bombo, na sasa imeingia kwenye chapati.

Kwetu kodi ya nyumba haipandi ghafla. Hupanda kama homa: mwili unahisi kwanza, kipimo kinafuata. Geti linapigwa rangi. Hajji mwenye nyumba, ambaye miezi yote hupita bila kukuona, anakuuliza hali ya mama yako kijijini. Mwisho wa Julai, Makerere ikikaribia kufunguliwa, dalali anakuja na wanafunzi, wanasimama mlangoni na kupima kwa macho kama kitanda chao kitaenea, nawe umelala juu ya chako. Ndipo askari wa geti anakunong'oneza: "Kodi inapanda." Kwa ngapi? "Inapanda tu, ssebo."

Hapo ndipo penye ufundi, na nakiri unanivutia. Tarakimu inafichwa makusudi. Kati ya fununu na tarakimu zinapita wiki kadhaa, na wapangaji wanazitumia kujipandishia kodi wenyewe vichwani. Mama Samosa wa chumba cha mwanzo alikisia 50,000. Nesi anayefanya kazi Mulago akasema haipungui 100,000, akaanza kuuza viti. Siku tarakimu ya kweli inapowasili, hata ikiwa mbaya, ua wote unamshukuru Mungu. Hajji hajawahi kukanyaga darasa la uchumi pale mlimani Makerere, lakini maprofesa wa huko wangeshuka kwake na daftari. Tena kuna siri nyingine: vyumba ni vilevile na bomba ni moja, ila kila mpangaji ana bei yake, na kila mmoja ameapishwa asimwambie jirani kwamba yeye ndiye aliyehurumiwa. Watu wasioambiana wanacholipa hawawezi kugoma pamoja.

Mimi nikasema mwaka huu hapana. Tuna Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile kongwe ya 1949 ya wakoloni, nayo inasema mwenye nyumba asipandishe kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nikaandika barua, nikaichapisha kwa kijana wa fotokopi, nikawasomea majirani barazani chini ya taa. Nilipofika kwenye "kwa mujibu wa", Mama Samosa alifuta machozi. Wote wakatia sahihi. Maneno "asilimia kumi" niliyapigia mistari miwili.

Hajji aliipokea kwa mikono yote miwili. Akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Mwanangu, hii ndiyo sheria?"

"Ndiyo, Hajji."

"Serikali yenyewe imeandika kumi?"

"Kumi, Hajji."

"Kale." Akatoa simu, akabonyeza kikokotoo. Kodi yangu ilikuwa 350,000. "Mimi ni nani nipingane na serikali? Mwezi ujao, 385,000."

Jioni askari wa geti alinieleza kwamba Hajji alikuwa amekusudia kuongeza 20,000 tu, kwa kila chumba.

Bado nasema kisheria nilikuwa sahihi kabisa. Sheria iliweka dari. Kwamba Hajji alikuwa amekaa sakafuni bila habari, hilo si langu. Mwambie hayo nesi aliyekwisha uza viti.

Lakini hebu tuache mzaha kidogo. Hiyo asilimia 10 ni ya kila mwaka, juu ya ile ya mwaka uliopita. Anayetumia haki yake yote ataifikisha 350,000 zaidi ya 750,000 kabla mwaka wa nane haujaisha, na sijui ni mshahara gani Wandegeya unaopanda ngazi hiyo. Hajji analalamika kwamba serikali nayo inamkata asilimia 12. Kweli, ila ni kwa kile kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, na kwanza mtu ahesabu. Risiti yetu sisi ni neno "nimeona" kwenye simu baada ya kutuma mobail mani. Sheria hiyohiyo inakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Vizuri. Ila mpangaji msumbufu hafukuzwi. Anaambiwa kwa upole kwamba mtoto wa Hajji anarudi kutoka Dubai na anahitaji chumba. Tumehesabu watoto wa Hajji waliorudi kutoka Dubai, na kama wote ni wake kweli basi ni mzee mwenye nguvu za ajabu. Wanaorudi siku zote ni wanafunzi, na bei ya kwao ni mpya, haina asilimia ya kulinganishwa nayo. Hapo sicheki.

Kabla ya barua ile nilishapaka rangi chumba changu kwa fedha zangu nikitaraji kupunguziwa. Kikapandishwa kwa sababu kimependeza. Na bili ya maji, inayogawanywa kwa vichwa, ilimhesabu shangazi yangu aliyekuja kulala usiku mmoja.

Juzi Hajji amenipigia. Ana nyumba nyingine Kikoni, na wapangaji wa kule, anasema, hawajui sheria. Anaomba barua ileile, ila ianze na jina lake.

Nimemtajia bei: 35,000.

Kimya kidogo, kisha akaniuliza kama Bunge halijapitisha kitu chochote kuhusu bei ya barua.