Unaruka Nini?

Anayeanza kuteleza kwenye barafu ana bahati asiyoijua: akianguka, lawama zote zinaziendea buti za kukodi. Mzoefu hana wa kumsingizia. Buti kainunua mwenyewe, pengine Edea au Risport ya Italia, au Jackson ya Kanada. Kisu cha chini kakinunua peke yake, mara nyingi cha Sheffield, Uingereza, kisha kamlipa fundi avikutanishe kwa skrubu. Ukijumlisha vya daraja la juu umekaribia bei ya bodaboda, ambayo angalau ingekubeba bila kukutoa malengelenge. Kwa fedha hiyo ungedhani mtu atachagua kwa makini. Wapi! Kadiri mtelezaji anavyozidi uzoefu ndivyo anavyozidi kununua buti ya mtu mwingine, yaani yule anayetumaini kuwa mwakani.

Chanzo ni ngazi ya ugumu. Watengenezaji hupanga buti kwa miruko: hii ya mzunguko mmoja, ile ya miwili, na ile ngumu kama boriti ya mkoko kwa wanaozunguka mara tatu hewani. Palipo na ngazi, binadamu atapanda tu, maana nani atajisifia ulaini wa kiatu? Basi mtu wa mizunguko miwili, na huo wa pili wenyewe kwa kudra, anajinunulia boriti. Sasa, kutua vizuri kunataka goti likunjike, na goti halikunjiki sawasawa kama kifundo cha mguu hakiinami mbele. Buti ikikataa, mwili unatafuta pengine pa kukunjika, unakipata kiuno, na mzoefu wetu anatua kama mtu anayechungulia kisima. Dawa anayoigundua ni kuacha kulabu za juu bila kamba. Kalipia ugumu kwa fedha taslimu, na sasa analegeza kamba ili ugumu wenyewe usimfikie.

Atajitetea kwamba buti ngumu hulinda kifundo, kwa kuwa anayetua hubeba uzito wake mara kadhaa. Ni kweli, na kwa anayeruka mizunguko mitatu kila siku sina ubishi. Lakini kishindo hakifi kwa kufungiwa mlango wa kwanza. Hupanda juu kwenye goti, nyonga na mgongo, kama mgeni anayejua ndugu wengine mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walibuni buti yenye bawaba kifundoni ili mguu uiname na kishindo kipungue. Buti za aina hiyo zilifika madukani, ila hazikushika soko. Watelezaji walipewa bawaba, wakachagua boriti.

Utetezi mwingine ni kwamba ngumu hudumu. Naam, hata jiwe la kusagia hudumu. Buti hulainika kwa uzito na kazi ya mwenyewe, kwa hiyo asiye na uzito wala miruko ya kuivunja nguvu ataachwa yeye ndiye alainike. Hapo huanza udaktari wa nyumbani: sponji huku, plasta kule, nundu mpya kwenye kisigino, na buti zinazopashwa kwenye oveni zishike umbo la mguu, huku jirani akidhani kuna chakula kinaungua.

Hubaki hoja ya mabingwa, kwamba wao huvaa hizo hizo. Lakini kiatu hakimheshimu hata bingwa. Kwenye Olimpiki ya Lillehammer, 1994, mtelezaji Tonya Harding alisimamisha onyesho lake, akaenda kwa waamuzi akilia, akapandisha mguu juu ya meza yao wauone. Shida ilikuwa kamba, kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyovaa mguuni. Waamuzi walimruhusu arudie baadaye, na akamaliza wa 8. Kama mtu wa kiwango hicho aliweza kuangushwa na kamba, sioni jinsi ugumu wa ngozi utakavyomwokoa mwenye mizunguko miwili ya kudra.

Fundi mzuri anayajua yote haya. Hupima miguu yote miwili, mteja akiwa amesimama na soksi nyembamba, na kabla ya kutoa boksi lolote rafuni huuliza, "Unaruka nini?" Ameuliza kwa -na-. Mteja huvuta pumzi, hutazama juu kidogo, kisha hujibu kwa -ta-.