Sifa za Roboti Mpiga Kura

Matusi yote aliyotupiwa nimeyasikia. Wamemwita mwizi, wamemwita kupe, wamemwita mchafuzi wa kurasa za watu wema. Mwaka 2019 walimfungia mlango wakashangilia. Na hapa Jinja, ambako kila mtu ana wa kumsifu, awe mbunge, mchungaji, Kyabazinga mfalme wa Busoga, au kocha wa timu ya mtaani, sijamwona aliyesimama kumsemea roboti wa kura za kulipia. Basi nimesimama mimi, tena bure, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelifanya hata kwa kuapishwa.

Kwa asiyemjua, tutaje kwanza ukoo wake. Mwaka 2016 Ned Scott na Dan Larimer walianzisha Steemit, mtandao wa kijamii uliosimama juu ya blokicheni, daftari la hesabu ambalo kila mtu anaweza kulisoma na hakuna awezaye kulifuta kisirisiri. Ahadi yake ilikuwa tamu: andika, usifiwe, ulipwe. Kila siku sarafu mpya za Steem zilitengenezwa, na sehemu kubwa ikatiwa katika chungu kimoja, na kura za wasomaji ndizo zilizoamua nani achote na achote kiasi gani. Kufikia mwaka 2017 utaratibu ulikuwa hivi: makala yanakaa siku saba yakikusanya kura, kisha mwandishi anapewa robo tatu ya thamani yake, na robo iliyobaki wanagawana waliompigia. Sisi tuliozoea kuandika Facebook miaka na miaka bila kuambulia hata kikombe cha chai, tungekataaje?

Ila kura zenyewe hazikuwa sawa. Uzito wa kura ulifuata wingi wa sarafu ulizozifungia katika akaunti yako. Wenyeji wa Steemit waliwaita matajiri wao nyangumi, na wanyonge wakawapa jina la samaki wadogo ambao mvuvi yeyote wa Masese angewaita papo hapo mukene. Nyangumi akibonyeza mara moja, makala yanaweza kupata mamia ya dola. Mukene akibonyeza, yanapata sehemu ya senti, na makala yasiyofikisha senti mbili hayakulipwa kitu. Demokrasia ya namna hii tunaifahamu, kwa hiyo sioni haja ya kuieleza zaidi.

Hapo ndipo alipoingia shujaa wangu. Nyangumi ni mtu mwenye shughuli zake. Shairi la kijana wa Walukuba kuhusu Mto Nile halimhusu, hasa kwa kuwa kila kijana wa Jinja ana shairi kuhusu Mto Nile. Roboti akasema: msisumbuane, mimi nipo. Nyangumi atanikodisha nguvu yake na kulala. Kijana atanitumia sarafu pamoja na anwani ya shairi lake. Nami nitampigia kura kwa nguvu ya yule aliyelala.

Na kweli alifika, tena kwa wakati. Kura moja kamili ilikula asilimia 2 ya nguvu ya akaunti, na nguvu hiyo ilirejea kwa asilimia 20 kwa siku. Hesabu ni rahisi: kura kumi kwa siku, moja kila baada ya saa mbili na dakika 24, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Waliolipa katika duru moja waligawana kura ile kwa kadiri ya walichotoa. Machi 2018 wapiga kura wa Jinja Mashariki walirudia uchaguzi wa mbunge. Kila mmoja alipanga foleni, akapewa karatasi moja, akarudi nyumbani na wino kidoleni. Katika mwezi huohuo roboti mmoja wa Steemit aliweza kupiga kura kamili 310. Hana kidole cha kutiwa wino, na hajawahi kulalamikia foleni.

Sifa yake kubwa kuliko zote, na hii ndiyo inayonitoa machozi, ni kwamba hasomi. Wanaomlaumu kwa hilo hawajawahi kuandika kwa Kiswahili nchini Uganda. Andika uone. Msomaji wa kwanza atakuuliza kama ulikuwa jeshini. Wa pili atakuuliza kwa nini hukuandika Kiingereza kama watu waliosoma, au Lusoga kama watu wa kwao. Lugha yenyewe ilitiwa katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na bado Julai 2022 baraza la mawaziri lilikuwa likiketi kuipitisha tena, kana kwamba imeshuka jana kutoka kwenye basi la Busia. Roboti hakuwa na chuki hizo. Shairi la Kiswahili, namna ya kukunja rolex, chapati ya mayai mawili, picha ya kiatu cha kushoto: vyote vilikuwa vitukufu mbele yake, mradi umelipa. Mhakiki asiye na upendeleo wa kabila, dini, lugha wala shule tumemtafuta kwa miaka mingi. Alipopatikana tukamwita kupe.

Wanasema eti kununua makofi ni jambo geni, ni ufisadi ulioletwa na mashine. Watu hao hawajui historia, wala hawajafika Mbale. Suetonius anatuambia kwamba Nero alipotaka kuimba alikusanya vijana zaidi ya elfu tano, akawafundisha aina mbalimbali za makofi, mengine yakivuma kama nyuki. Huku kwetu, mwaka 2018 ulikuwa wa shufwa, kwa hiyo ulikuwa mwaka wa Imbalu, tohara ya Wamasaba, na ngoma za kadodi zilitikisa Mutoto. Kadodi ilizaliwa kumsindikiza kijana wa Kimasaba anayekwenda kutahiriwa. Siku hizi hukodiwa pia kwenye harusi, mahafali na mikutano ya kampeni. Hakuna anayemuuliza mpiga ngoma kama anampenda mgombea kwa dhati. Anaulizwa bei, na kama usafiri umo ndani yake. Roboti hakudai usafiri, hakudai chakula, na hakuwahi kuondoka katikati ya shughuli kwa sababu mpinzani ameongeza elfu ishirini. Mpeni chawa yeyote wa mjini kazi hiyohiyo muone kama atadumu wiki.

Na aliifanya mchana kweupe. Malipo yote yaliandikwa katika lile daftari: nani ametuma, kiasi gani, kwa makala yapi, saa ngapi. Sukari, chumvi na sabuni za kampeni zetu hutembea usiku, kwa sababu sheria ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 inaziita hongo. Asubuhi kila mtu ameshakunywa chai na hakuna anayekumbuka aliyeileta. Nairobi nako, ripoti ya Mozilla ya Septemba 2021 ilionyesha vijana waliokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kusukuma kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati kwenye Twitter, kila mmoja akijifanya ni mwananchi aliyeamka na hasira zake mwenyewe.

Hata Kampala tumeyaona. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook iliondoa akaunti ilizozihusisha na kituo cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya wizara inayoshughulikia habari na teknolojia. Kosa, kwa maelezo ya Facebook, lilikuwa kutumia akaunti bandia na za kujirudia ili maandiko yaonekane yanapendwa kuliko yalivyopendwa. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Yote hayo kwa sababu wasifiaji wale walijificha. Kama wangekuwa na maadili ya roboti wangu, kila sifa ingekuwa na stakabadhi chini yake: imelipiwa, kiasi hiki, na akaunti hii. Pengine tusingelala gizani.

Sasa tuzungumze fedha, maana hapa ndipo wapinzani wake hupiga kelele zaidi. Tuseme kijana wetu wa Walukuba anamtumia roboti dola 10. Roboti anampa kura ya thamani ya dola 12. Kijana anaruka kwa furaha. Robo yake, dola 3, ni ya wapiga kura, na mpiga kura mkuu ni roboti mwenyewe. Kijana anabaki na dola 9. Amelipa 10 apate 9, na hizo 9 atazipata baada ya siku saba. Ikiwa walioomba katika duru ile ni wengi, hata hizo hazifiki. Tena sarafu yenyewe haikukaa imsubiri: Januari 2018 Steem moja ilifika dola 8, na mwaka ulipokwisha ilikuwa chini ya senti 50.

Mwenye haraka ataita hiyo hasara. Mimi namkumbusha kwamba tarehe 1 Julai mwaka huohuo serikali yetu ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp, Facebook na Twitter, na siku hiyohiyo ikaanza kukata asilimia 1 kwenye fedha za simu. Hiyo 200 haikurudi hata shilingi moja. Roboti alichukua 10 akarudisha 9. Tukiwapanga watoza ushuru wa Afrika Mashariki kwa ukarimu, sioni wa kusimama mbele yake.

Na kile kilichopotea, dola moja, kilinunua kitu. Kilinunua ukurasa wa mbele, ule unaoonyesha makala yanayovuma. Mgeni aliyefungua Steemit wakati huo alikutana na waandishi wanaong'ara, kila mmoja na mamia ya dola chini ya jina lake, na maoni machache yasemayo kazi nzuri, nifuate nami nikufuate. Waliopo mbele walikuwa wamelipa ili wawe mbele. Waliopo nyuma hawakuonekana, kwa hiyo hawakumsumbua mgeni.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naikubali, nao wasinishukuru. Wanasema chungu kilikuwa kimoja, kwa hiyo kila kura iliyonunuliwa ilipunguza fungu la asiyenunua. Kwamba bibi aliyeandika vizuri juu ya kusuka mikeka, akasomwa na watu arobaini waliompenda kweli, alipata senti kadhaa kwa sababu picha ya kiatu ilikuwa imeshachota. Ni kweli. Lakini hilo tulishaliona ziwani. Sangara alipopandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, aliwala samaki wadogo wa aina nyingi hadi aina nyingine zikatoweka. Baadaye viwanda vya minofu vikajengwa, Jinja ikiwemo, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Takwimu za mauzo ya nje zilipendeza sana. Walioliwa hawakupeleka malalamiko ofisi yoyote. Kwa nini tumdai roboti huruma ambayo hatukumdai samaki?

Mwisho wake ulikuwa wa uchungu. Tarehe 27 Agosti 2019 kanuni za Steem zilibadilishwa. Wapiga kura wakapandishiwa fungu lao kutoka robo hadi nusu, ili mwenye nguvu aone faida ya kutafuta makala mazuri mwenyewe, na kila mtu akapewa akiba ya kura za kupinga zisizomgharimu kitu. Watu ambao kwa miaka miwili hawakuwa na dakika ya kusoma wakapata ghafla saa nzima ya kupinga. Makala yaliyolipiwa yakaanza kushushwa, wanunuzi wakakimbia, na roboti wengi wakafunga duka kimya kimya, bila mkutano na waandishi wa habari na bila kuhamia chama kingine.

Miezi michache tu baadaye ulimwengu ukaonyeshwa kura ya kununuliwa inavyokuwa ikikosa mwenye adabu. Februari 2020 mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, Justin Sun, aliinunua kampuni ya Steemit pamoja na shehena yake ya sarafu. Wale waliochaguliwa kuendesha mtambo, wanaoitwa mashahidi, wakahofia mtambo utatekwa, wakaizuia shehena ile isipige kura. Tarehe 2 Machi masoko ya sarafu Binance, Huobi na Poloniex yalitumia Steem yalizowekewa na wateja wao kupiga kura za kuwang'oa mashahidi hao. Binance hiyo ndiyo iliyokuwa imefungua soko Uganda mwaka 2018, shilingi zetu zikipokelewa. Kelele zilipozidi, Binance na Huobi ziliondoa kura zao; tarehe 20 Machi sehemu kubwa ya jumuiya ikajitenga na kuanzisha Hive, na shehena ya kampuni ikaachwa nje. Roboti wangu alipiga kura kwa nguvu aliyokodishwa kwa hiari, akabandika bei mlangoni, na hakumng'oa mtu.

Kwa hiyo nina ombi kwa baraza la Jinja, jiji tangu tarehe 1 Julai 2020. Pale chanzo cha Nile, karibu na sanamu ya Gandhi, pana nafasi ya kutosha jiwe dogo la kumbukumbu. Mgeni rasmi asialikwe, hotuba isiandikwe, wala kadodi isikodiwe. Makofi yatapigwa kila baada ya saa mbili na dakika 24, mradi mtu wa kuyalipia apatikane.