Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Msafara

Mheshimiwa Msafara,
Popote ulipo barabarani,
Dar es Salaam.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mwendoni, maana wewe hujawahi kukutwa umesimama. Sisi huku Barabara ya Nyerere hatujambo. Tumepaki.

Nakuandikia wewe mwenyewe na si aliyemo ndani, kwa sababu aliyemo hatumjui. Vioo ni vyeusi. Trafiki tukimuuliza anapita nani, anatazama juu kama mtu anayengojea mvua. Konda wetu anashikilia kwamba mara nyingine humo hamna mtu kabisa, ndiyo kwanza mnakwenda kumpokea.

Kwanza, pongezi. Wenzetu ughaibuni wamehangaika sana na foleni. Singapore walianza mwaka 1975 kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji asubuhi. London wakafuata mwaka 2003. Stockholm walifanya majaribio mwaka 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20, kisha wakawauliza wakazi kwa kura kama wanaitaka. Kura! Wewe hukuhitaji kamera, tozo wala kura. Unamsimamisha askari mmoja mwenye sare nyeupe, ananyoosha mkono, na papo hapo hamu ya kusafiri ya Gongo la Mboto, Ukonga na Kipawa inashuka hadi sifuri. Daraja la Mfugale lilifunguliwa mwaka 2018 ili pale TAZARA tusikwame. Kwa hisani yako sasa tunakwama mapema, kabla ya kulifikia.

Ombi langu kubwa ni moja. Kila Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daladala moja itokayo Gongo la Mboto kwenda mjini ipewe msafara. Moja tu, hatuna ulafi.

Mbele zitangulie pikipiki mbili kubwa. Zifuatwe na gari la polisi lenye kipaza sauti, likiwaambia wenye mashangingi, "Kaa kushoto! Kaa kushoto!" Konda avae suti nyeusi, miwani na ule waya wa sikioni. Kukimbia pembeni ya gari huku ameshika mlango anakujua tayari, hivyo mafunzo hayatagharimu kitu. Mama muuza vitumbua, anayebeba ndoo mapajani, akae upande wenye bendera ndogo. Wanafunzi, ambao kila siku huachwa kituoni kwa sababu ya nauli yao ndogo, wapande kwanza na wafunguliwe mlango. Abiria waliosimama wameinamisha shingo watambulike kama maofisa waandamizi. Na tukifika mwisho wa safari, ipigwe ngoma, iwe imetusubiri juani tangu alfajiri, kama itifaki inavyotaka.

Wenye V8 wasubiri pembeni, maeneo ya Vingunguti. Wasiambiwe watasubiri kwa muda gani. Wasiambiwe anapita nani, kwani hayo ni masuala ya usalama. Wauziwe karanga, maji baridi na chaja za simu dirishani. Daladala ikishapita wakawasha gari, mkono usishuke bado: kuna ile ya pili, imechelewa kidogo, suka alikuwa anajaza mafuta.

Nyuma kabisa liwepo gari la wagonjwa, kama ilivyo kwako. Na hapa, Mheshimiwa, adabu inanishinda. Lako linakufuata tupu, kwa tahadhari. Letu nimeliona limebanwa katikati ya foleni, king'ora kinalia, taa zinazunguka, mtu yumo ndani, na trafiki akaligeukia, akalitazama, na mkono wake ukabaki juu. Kuna mtu aliketi ofisini akaamua king'ora kipi kisikike na kipi kilie hadi kichoke. Kisha wenzake wanapita redioni kutushauri tuwahi kuamka. Tuwahi saa ngapi? Watoto wa Chanika wanatoka nyumbani gizani, wanarudi gizani, na mwalimu anawaadhibu kwa kuchelewa. Aadhibiwe nani hasa?

Niwie radhi. Ni joto, na moshi. Ukifunga njia hakuna dereva anayezima injini, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa atakaa dakika tano au saa nzima. Coaster, malori yanayokwenda bandarini, Hiace zilizomalizia ujana wake Japani, zote zinanguruma palepale, na tunaouvuta moshi wake ni sisi tuliofungua madirisha. Wewe, kwa bahati njema, huna haja ya kufungua lako.

Mengine ni madogo. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Hatukufukuzi, tunakumbusha tu. Treni ya umeme ya kwenda huko ilianza mwaka 2024, ina viti vizuri, na haina taa nyekundu ya kukukera. Mikutano mingine ifanyike kwa simu. Njia za mwendokasi za barabara hii, tafadhali usizizoee.

Usiniambie haiwezekani. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walipokuja hapa kuzungumzia nishati, watumishi wa umma wa Dar waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Tangazo likatoka, likatekelezwa. Hakuna aliyesema utamaduni wetu hauruhusu, wala kwamba mafaili hayabebeki. Kumbe saa za kazi zinapangika! Kumbe safari isiyo ya lazima inaahirishika! Maarifa hayo mnayo miaka yote, mmeyaweka kabatini na vyombo vya wageni, na mgeni akishaondoka yanarudi kabatini. Sisi wenyeji tunaambiwa tatizo letu ni kwamba tuko wengi na wote tunataka kwenda mjini. Mjini ndiko mlikoweka ofisi, soko, hospitali na mihuri.

Majibu yatumwe kwa ujumbe wa simu, ikiwezekana kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Muda huo huwa nina nafasi.

Wako mtiifu,
Abiria wa siti ya nyuma