Jinsi ya Kushindwa Kuimaliza Paris kwa Siku Tatu

Umepata viza. Nauli imelipwa, na siku tatu za mwezi wa saba zimetengwa kwa ajili ya Paris: wewe, mwenzio, watoto wawili, na bibi yao aliyeapa kwamba magoti yake hayana neno. Kwenye simu yako kuna orodha ya vituo 14. Ifute.

Nakuambia kwa mapenzi. Mara ya kwanza nilikwenda na orodha kama hiyo, tukafika vituo 11, na leo mwanangu hakumbuki hata kimoja. Mara ya pili tulifika vinne, na vyote anavikumbuka. Paris hamtaimaliza, waliozaliwa humo hawajaimaliza. Kushindwa mtashindwa. Lililobaki ni kuchagua: mshindwe mkiwa mmenuniana juani kwenye foleni, au mshindwe mkiwa kivulini na mkate mapajani. Fuata hatua hizi, ushindwe vizuri.

1. Lipa deni la sifa asubuhi ya kwanza

Tusidanganyane. Nusu ya safari hii ni picha. Shangazi anaisubiri kwenye kundi la ukoo, na jirani aliyekwenda Dubai mwaka jana bado hajajibiwa. Hiyo si dhambi, ni deni, na deni likilala huzaa. Lilipe mapema.

Siku ya kwanza, kabla ya saa 2 asubuhi, shukeni kituo cha metro cha Trocadéro. Tokeni nje, piteni katikati ya mabawa mawili ya jumba la Chaillot, na mnara wa Eiffel huo hapo, wote mzima, mita 330 kutoka miguuni hadi kwenye antena. Bibi akae katikati, watoto mbele. Mwenye simu achuchumae ili ncha ya mnara isikatwe. Piga picha tano, tuma moja, zima data.

Deni limelipwa. Sasa ndiyo mmefika likizo.

2. Mnara usiupande, upite

Mnara huo ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1889, na tangu hapo watu hawajaacha kuupangia foleni: foleni ya ukaguzi, foleni ya lifti ya kupanda, foleni ya kwenda kileleni, foleni ya kushuka. Anayetaka ngazi zipo, 674 hadi ghorofa ya pili. Yakumbuke magoti ya bibi.

Njia ya mkato ni hii. Hapohapo Trocadéro pandeni metro namba 6 inayoelekea Nation, mkae upande wa kushoto. Ikiondoka kituo cha Passy treni inavuka mto Seine juu kwa juu, na kwa sekunde chache mnara unajaa dirisha zima. Watoto watapiga kelele. Mkiwa hamjatosheka, shukeni Bir-Hakeim mrudi mlikotoka. Hakuna foleni ya lifti, hakuna ngazi 674, na bibi amekaa kwenye kiti.

Usiku mnara unawashwa taa 20,000 zinazometameta kwa dakika tano kila saa kamili. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanaponaswa. Sisi tumezoea jua kuzama kwenye saa 12 au saa moja. Paris mwezi wa sita na wa saba linazama karibu na saa 4 usiku, na huenda mkazisubiri taa hizo mpaka saa 5. Usiwaburute watoto waliochoka. Waache walale na bibi yao, kisha wewe na mwenzio mtoke wawili tu. Ni lini mara ya mwisho mlitembea usiku mkiwa mmeshikana mikono?

3. Toa shikamoo ya Paris

Utasikia kwamba watu wa Paris wana kiburi. Wengi wanaosema hivyo waliingia dukani wakauliza bei bila kusalimia. Mtoto wa kwetu angefanya hivyo mbele ya wazee angepigwa jicho la kutosha. Wao pia wana jicho hilo.

Kwa hiyo kila mlango unaoingia, iwe bekari, basi au duka la dawa, sema "Bonjour" kwanza, mwangalie mtu usoni, ngoja akujibu, ndipo useme shida yako. Kifaransa chako kikiishia hapo kinatosha. Wafundishe watoto kabla ya safari. Mtoto anayesalimia huongezewa tabasamu kila anakokwenda, na mzazi wake husikilizwa.

4. Mpe Mona Lisa mgongo

Chukua kanga ya kawaida. Ikunje katikati, kisha ikunje tena katikati. Ukubwa uliobaki mkononi ndio Mona Lisa: sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na mbele yake umati ulioinua simu juu. Utakachokiona vizuri ni visogo.

Usione haya kwamba mnataka kufika. Mwaka 1911 picha hiyo iliibwa na Vincenzo Peruggia, fundi aliyewahi kufanya kazi humohumo Louvre, na kabla haijapatikana Florence mwaka 1913 watu walipanga foleni kwenda kuangalia ukuta mtupu ilipokuwa imetundikwa. Hamu ya kusema "na mimi nilikuwepo" ni ya binadamu wote.

Basi ingieni, mwoneni mama huyo kwa mbali, kisha fanyeni ambalo wachache hulifanya: geukeni nyuma. Ukuta unaomtazama umebeba Arusi ya Kana ya Veronese, ya mwaka 1563, yenye upana wa karibu mita 10 na kimo cha karibu mita 7. Wanajeshi wa Napoléon waliitwaa Venice mwaka 1797. Ni arusi yenyewe hasa: wageni wamebanana, wapiga muziki wako katikati, watumishi wanamimina divai, na maharusi wamesukumwa pembeni kabisa mwa meza. Bibi ataielewa bila kuelezwa, maana amepika kwenye arusi nyingi. Wape watoto kazi ya kutafuta mbwa wote na paka mmoja. Dakika ishirini zitapita bila mtu kuuliza tunaondoka lini.

Halafu ondokeni. Kuna maelfu ya vitu vingine humo ndani, viacheni. Wenye umri chini ya miaka 18 hawalipi, kwa hiyo kuondoka mapema hakuumi sana mfukoni. Ila msiende Jumanne, Louvre hufungwa.

5. Kaeni, mji ndio upite

Mguu ni mali ya kutunzwa. Pandeni boti kwenye Seine, mwendo wa saa moja hivi, muwaone wakubwa wote wa mjini wakijipanga kuwasalimu: Louvre, kituo cha treni cha zamani kilichofanywa makumbusho ya Orsay mwaka 1986, na kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Mnayo hiari ya kushuka baadaye na kuingia kanisani, ni bure. Mkikuta foleni imezunguka uwanja, mmeshaliona kutoka mtoni; endeleeni na safari yenu.

Boti ikiwa ghali, kuna basi namba 69. Linaanzia Champ de Mars, karibu na mnara, linapita Louvre na Bastille, na kuendelea hadi makaburi ya Père Lachaise. Mpate viti vya dirishani. Ni ziara kamili kwa bei ya nauli ya daladala ya kwao.

6. Yajue maji, choo na mkate

Familia haivunjwi na sanaa, inavunjwa na kiu. Tembea na chupa tupu. Mitaani utakuta visima vya chuma vya rangi ya kijani iliyokolea, vilivyowekwa kuanzia mwaka 1872 kwa fedha za Richard Wallace, tajiri wa Kiingereza aliyewahurumia watu wa Paris baada ya vita kuwaachia shida ya maji safi. Sogea ukitazame kimoja. Wanawake wanne wamebeba kuba vichwani, na katikati yao uzi mwembamba wa maji unadondoka bila kukatika. Ingiza chupa kati ya wanawake wawili, kinga. Maji ni baridi, ni salama, na hayauzwi.

Mgahawani omba "carafe d'eau", watakuletea jagi la maji bila malipo. Vyoo vya barabarani vya jiji navyo ni bure, ila usimshikie mlango anayefuata: mlango ukifungwa choo hujiosha chenyewe, kisha ndipo naye aingie.

Chakula cha mchana kinunueni bekari: mkate mrefu, jibini, nyanya, matunda. Ukitaka mkate wenyewe, omba "tradition", ambao kwa sheria ya mwaka 1993 hauongezwi viambato vya kuutunza. Ung'oe ncha uwape watoto ukiwa wa moto. Mkienda mwezi wa nane, ulizeni kwanza, kwa kuwa waokaji wengi nao huwa likizoni.

7. Saa 8 mchana, laleni

Joto la Paris si la kudharau kwa sababu umetoka Mombasa. Tarehe 25 Julai 2019 lilifika nyuzi 42.6, na nyumba nyingi huko hazina kiyoyozi wala upepo wa bahari. Ukitafuta chumba, uliza habari ya kiyoyozi kabla ya kuuliza habari ya mandhari. Saa za jua kali lala bila kuomba radhi kwa mtu. Jua halitazama upesi. Mkiamka saa 11 jioni bado mna mchana mzima mwingine.

8. Kimbilia kisamvu

Siku ya pili bibi ataanza kukitazama chakula kwa huzuni. Usibishane naye. Mpeleke Montmartre kwa kiberenge kinachopanda kilima hadi kanisa la Sacré-Cœur, auone mji wote ukiwa chini ya miguu yake. Pale chini ya ngazi kuna vijana wanaokufunga uzi mkononi kisha wanadai pesa. Weka mikono mfukoni, tembea.

Kisha teremkeni hadi Château Rouge. Mtaa huo una maduka ya majani ya muhogo, ndizi za kupika, samaki wakavu na vitenge, na akina mama wa Kikongo wanaobishania bei kwa sauti. Salimia kwa Kiswahili. Ukimpata mtu wa Goma au Bukavu utaitikiwa, na bibi atasahau magoti. Asikwambie mtu kwamba hiyo si Paris. Ni Paris kama mnara ulivyo Paris.

9. Siku ya tatu, mpe mtoto jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ni ramani: mkabidhi mtoto, awaongoze hadi bustani ya Luxembourg. Akipotea kidogo, mwacheni apotee.

Mkifika, mkodishieni mashua. Ni mashua ndogo za mbao zenye tanga, zinazoelea kwenye dimbwi la pembe nane, na kila mtoto hupewa fimbo ya kuisukuma yake inapogusa ukingo. Kazi nyingine yote ni ya upepo. Wakubwa wanavuta viti vya chuma vya kijani na kunyoosha miguu. Hakuna la kusoma, hakuna la kupiga picha kwa haraka.

Ya mwanangu ilikwama katikati. Upepo ulikata, tanga likalegea, na yeye akasimama ukingoni na fimbo isiyofika. Bibi yake akanyanyuka kitini, akavua kanga ya mabegani, akaishika ncha mbili na kuanza kuipepea mashua. Watoto wa Kifaransa wakaja kumsaidia kwa kofia zao. Sijui kama ni kanga, kofia au upepo uliorudi wenyewe, ila mashua ilisogea.

10. Mkirudi, nyamaza

Mtaulizwa: mmeona nini? Usianze kujitetea kwa sababu ya mnara ambao hamkuupanda. Onyesha ile picha ya Trocadéro, watu waridhike, kisha mwachie mtoto ajibu.

Wangu miaka imepita sasa. Akitajiwa Paris anasimama, anashika ncha mbili za kitu kisichokuwepo, na kuanza kupepea.