Juu Kaki, Chini Traki

Kampuni ninayoifanyia kazi imetutumia waraka. Hauhusu mshahara, kwa hiyo usinipe pongezi. Unatuelekeza sisi tunaouza safari tukiwa nyumbani namna ya kujiweka mbele ya kamera: shati la kaki lenye nembo, limepigwa pasi, uso utazamane na dirisha, nyuma iwekwe picha ya kreta ya Ngorongoro, jua limewaka.

Tuanze na hilo dirisha. Wateja wangu wengi wako Marekani. Julai, Denver ikiwa saa saba mchana, hapa Karatu ni saa nne usiku. Nilitazame dirisha nione nini, popo? Nawasha taa yangu ya mezani, nyuma yangu kreta inameremeta kama bati jipya. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole, “Kwani kwenu jua huzama saa ngapi?” Nikigeuka kumjibu, sikio langu la kushoto likamezwa na mlima.

Na kwa nini picha? Kutoka kwangu hadi lango la Lodoare si mbali, kreta yenyewe iko huko juu. Ila ukienda asubuhi ya Julai utaukuta ukungu umeketi ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kreta huioni. Ukungu hauuziki, nakubali.

Baridi hiyo hiyo inashuka mpaka sebuleni kwangu. Waraka umekataza sweta, eti haliendani na hisia za Afrika. Hisia za Afrika ninazo miguuni: soksi mbili mbili na suruali ya traki iliyotoboka goti. Kamera haifiki huko. Pasi nayo inafanya kazi kifuani tu, maana mama watoto amegoma: “Sikupigii pasi suruali ya kukaa chini ya meza.”

Usiku mmoja niliona nisife kwa ajili ya nembo, nikajifunika shuka jekundu la kitandani. Mteja akapiga kelele za furaha: leo kazungumza na Mmaasai halisi! Mimi ni Mwiraqw, babu yangu katoka Mbulu. Kabla sijafungua mdomo alishaulizia namna ya kulipa. Bosi alipopata habari, ukaja waraka wa pili: mashuka kwa wote. Mwenzetu Mchaga wa Marangu kauliza kama atapewa na fimbo. Hajajibiwa.

Cha kuudhi ni kwamba mteja mwenyewe namwelekeza kwa maneno machache tu: rangi ya bluu na nyeusi huwaita mbung'o, na nguo za mabaka aziache kwao, kwa sababu sheria hairuhusu raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi. Baada ya hapo avae apendavyo. Yeye anayelipa anakuja na kandambili, mimi ninayelipwa ndiye nilale nimevaa kaki.

Basi ndugu msomaji, kama una mgeni anayekuja Ngorongoro mwezi wa sita au wa saba, mwambie asiliamini lile jua lililo nyuma ya kichwa changu. Abebe sweta zito, na koti juu yake.