Gesti Isiyo na Bahari: Wageni Tisa wa Makambako na Njombe, Kuanzia wa Mwisho

Matangazo ya fungate yote ni kama yamepigwa picha mahali pamoja. Kisiwa, mchanga mweupe, maua yametawanywa kitandani hadi unajiuliza wenyewe watalala wapi. Bwana harusi hana viatu. Bibi harusi anacheka na dafu.

Sasa tupande huku kwetu. Makambako ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na ndipo reli ya TAZARA inapoikuta lami. Ukipinda kusini na kwenda kilomita kama 60 unafika Njombe, mji uliokaa karibu mita 2,000 juu ya hiyo bahari inayotangazwa. Dafu hakuna. Kuna viazi, mbao, chai, ukungu na gesti. Gesti zenye baa mbele, gesti zenye kanisa jirani, na mojamoja yenye vyote viwili, ambayo usingizi wake unapatikana Jumatatu. Mwenye nyumba, mara nyingi Mkinga (watani zangu, msinune), yuko Kariakoo anauza vitenge na gesti yake anaiona kwenye simu.

Mimi nashikilia kwamba mapenzi hayahitaji bahari, yanahitaji baridi. Kwenye joto la pwani wapendanao hulala kila mmoja ukingoni mwake, feni ikipepea katikati. Njombe mwezi wa saba hata waliogombana hulala wameshikana. Wageni wenyewe ama watanitetea ama wataniumbua. Twende.

9. Maharusi kutoka Dar

Kuna mtu aliwaambia Njombe ni Ulaya ndogo, nao wakaja Juni na kaptula.

"Dada, feni ya humu iko wapi?"

"Kaka, fungua dirisha."

Dirisha limefunguliwa, limefungwa, na halijafunguliwa tena. Jioni hiyo hiyo wako sokoni kwenye mitumba, wanagombea koti moja la kijani ambalo hata mwenyewe wa kwanza alilitupa kwa sababu. Siku ya pili midomo imepasuka, na fungate nzima sasa inategemea kopo la mafuta ya mgando.

Maporomoko ya Luhuji yako pale pale mjini, unayafikia kwa miguu. Hawakuyaona. Walikuwa ndani ya blanketi tangu Ijumaa. Kwa madai yangu hao ni mashahidi wazuri, ila wanabaki wa tisa kwa sababu kila asubuhi walimpigia kelele mhudumu kwamba ndoo ya maji ya moto imechelewa. Maji yanachemshwa kwa kuni, mabwana. Hayaji kwa programu ya simu.

8. Afisa wa semina

Anaingia na begi la kompyuta na swali moja: "Risiti ya EFD ipo?" Ikiwepo, anahuzunika, maana mashine huandika bei ya kweli. Amelipwa posho ya hoteli, amechukua chumba cha choo cha nje, na tofauti anamalizia nayo msingi wa nyumba Dodoma.

Semina yenyewe ilikuwa ya uwajibikaji.

7. Dereva wa IT

Huyu anapeleka gari la watu kutoka bandari ya Dar hadi Tunduma au ng'ambo ya mpaka, Zambia na Kongo. Viti bado vina nailoni, redio bado inaongea Kijapani. Anafika saa saba usiku, anaondoka saa kumi. Hajui chumba kilipakwa rangi gani, na ukimuuliza Makambako ikoje atakuambia kuna supu.

Binamu yake wa lori ni mtu mwingine kabisa. Ana kitanda nyuma ya usukani, ana pazia na jiko dogo, kwa hiyo gesti kwake ni bafu tu. Atalipia maji ya moto, ataimba humo ndani nyimbo tatu kamili, kisha arudi kulala kwenye lori lake kwa sababu ndani ya gesti "kuna kelele." Kelele zenyewe ni breki za wenzake.

Anayetaka sauti ya mawimbi, nampa hiyo: malori yanayopunguza mwendo kuingia Makambako alfajiri. Na upepo je? Wataalamu wa umeme walipotafuta sehemu zenye upepo wa kuzungusha mitambo, Makambako ilitajwa pamoja na Singida. Visiwani upepo unalipiwa kwa dola. Sisi tunapewa bure, na vumbi nyongeza.

6. Mnunuzi wa parachichi

Zamani parachichi lilikuwa la kuokota chini ya mti wa bibi na kumpa nguruwe. Leo aina ya Hass ina dalali, ina kipimo chake, na ina kontena lenye ubaridi linaloisubiri kwenda ng'ambo. Mnunuzi anafika na gari lenye matope hadi kwenye vioo, anachukua chumba cha selfu, kisha anaanza kupiga simu kwa sauti ya spika. Kuta za gesti hizi ni nyembamba. Kufikia saa tano usiku korido nzima inajua kilo moja inauzwaje bandarini, na asubuhi korido hiyo hiyo inamsikia akimwambia mkulima bei nyingine, kwa huruma kubwa, akitikisa kichwa kuhusu hali ya soko.

Ushauri wangu kwa vyama vya wakulima: msiitishe mafunzo ya masoko. Mlipieni mwenzenu mmoja chumba cha jirani.

Anafuatana na mnunuzi wa viazi, ndugu wa lumbesa, yule anayejaza gunia hadi livimbe halafu analishonea kichwa cha ziada. Serikali imekataza, yeye bado anashona. Na akilala hulala lumbesa vilevile: watatu kitanda kimoja, bei ya mmoja.

5. Bwana na Bibi wa Saa Mbili

Hawa ndio mliowangoja, wasomaji. Kitabu cha wageni kina safu zake: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Bwana anaandika kwa kujiamini. Jina: John Juma. Kazi: mfanyabiashara. Utokako: Iringa. Uendako: Songea. Begi hana, gari hana, ametembea kwa miguu kutoka mtaa wa pili, na mhudumu anampokea kalamu akisema, "Shikamoo, mjomba."

Mjomba hajibu. Anakohoa.

Hapa utani naushusha kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mkoa una barabara kuu, una mashamba ya chai na misitu ya mbao inayoita vibarua kutoka mbali, na una watu wengi wanaolala mbali na kwao. Ndiyo maana kwenye droo ya chumba utakuta Agano Jipya na pakiti ya kondomu, na vyote vimewekwa na watu wanaokutakia mema. Mwanaume aliyeweza kubuni jina, kabila na safari ya Songea kwa dakika moja hawezi kuniambia kwamba kufungua droo kumemshinda.

4. Abiria wa basi lililolazwa

Mgeni huyu ni marehemu, tumkumbuke. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kukesha barabarani, na basi lililokuwa limechelewa lililala lilipofika. Abiria wakashuka na watoto, kuku na sufuria, wakagawana vyumba na watu wasiowajua. Nasikia kuna ndoa za Songea zilizoanza kwa swali la "Samahani dada, umebakiwa na blanketi?" Mwaka 2023 katazo liliondolewa. Abiria walifurahi, wenye mabasi walifurahi. Wenye gesti za karibu na stendi hawakualikwa kwenye sherehe.

Nafasi yake ameirithi abiria wa treni. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na imezaa aina ya mtu anayelipia chumba ili mizigo yake ilale, huku yeye mwenyewe amesimama barazani usiku kucha akisikiliza honi.

3. Msafara wa msiba

Watu kumi na mmoja, vyumba viwili, wanakwenda kuzika Makete. Ukutani kuna karatasi inayosema chumba kimoja watu wawili. Mhudumu anaitazama karatasi, anawatazama wafiwa, kisha anaigeuza karatasi. Akina mama wanaingia ndani na nyimbo zao, wanaume wanabaki uani na moto. Mzee mmoja anauliza kama ulanzi umeanza kugemwa. Anaambiwa mvua bado, mianzi bado. Anauchukua huo kama msiba wa pili.

Kuna shangazi katika kila msafara ambaye ataomba jiko la mkaa liingizwe chumbani, watoto wapate joto. Mhudumu mzuri hukataa, hata akitukanwa. Hewa inayoua kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na mlango umefungwa kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Ongeza blanketi, shangazi. Ongeza hata mtoto wa jirani. Jiko likae nje na wanaume.

Nimewapa nafasi ya tatu kwa jambo moja: ndio wageni pekee wanaotandika kitanda kabla ya kuondoka.

2. Mzungu wa baiskeli

Ametoka Cairo, anakwenda Cape Town, na hakuna aliyemfukuza. Tunamheshimu. Hali nyama, kwa hiyo amekula chipsi mayai tangu Tunduru, au pengine tangu Sudani. Ameosha soksi zake kwenye sinki na kuzianika dirishani, ambako zitakauka Oktoba.

Lakini huyu ameuliza swali ambalo maharusi, afisa na mjomba hawakuliuliza: hapa mkoani kuna nini? Mhudumu akamweleza Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo watu wa huko waliiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla serikali haijaweka kibao. Aina zaidi ya 40 za okidi zinaota kwenye nyanda zile. Kilichoharakisha ulinzi ni tumbo: viazi vya okidi hizo vilikuwa vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Mzungu akasikia, akatoa daftari, akaandika kila kitu, akauliza maua yanachanua lini.

Novemba hadi Aprili.

Alikuwa amefika Agosti.

1. Mama wa dagaa kutoka Ludewa

Makofi tafadhali. Watu wengi, hata waliozaliwa Njombe mjini, husahau kwamba mkoa huu una ufukwe. Wilaya ya Ludewa inashuka kutoka milimani hadi kwenye Ziwa Nyasa, pale Lupingu na Manda, mchanga na mawimbi na mitumbwi, Milima ya Livingstone imesimama nyuma yake wima. Ziwa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni karibu 2,000. Mama huyu ameupanda mwinuko wote huo na magunia ya dagaa, amebadilisha gari, ameinamisha kichwa kwenye kona zote, na sasa amesimama mapokezi amevaa khanga mbili na tabasamu lililoganda. Akiingia, gesti nzima inanuka ziwa. Mnunuzi wa parachichi analalamika. Hakuna anayemsikiliza.

"Mama, kwenu si ndiko kwenye ufukwe?" mhudumu anamtania. "Watu wanalipa dola kulala sehemu kama hizo."

"Mwanangu, ufukwe ni wa kuanikia dagaa."

Anaomba blanketi la pili, anapewa. La tatu, anapewa kwa kunung'unikiwa. Saa nne usiku anasikika akimpigia mumewe aliyebaki ziwani, na kwa vile kuta mnazijua, tulisikia wote. Hakumuuliza habari za nyavu. Alimwambia: "Baba Neema, baridi ya huku si ya mtu mmoja. Safari ijayo tunakuja wote, dagaa watalindwa na shemeji."

Korido ilikaa kimya, kisha mtu akapiga makofi. Nadhani alikuwa mjomba. Kesi yangu nimeifunga.

Neno kwa wenye mitaji. Kama unataka kujenga nyumba ya wapendanao kwenye maji, usikimbilie kugombea kiwanja visiwani. Panda basi la Njombe hadi Ludewa, ulizia njia ya Lupingu, ukae na serikali ya kijiji na uwasikilize kwanza. Na kwenye ramani yako, kabla hujachora kitanda cha kwanza, tenga mahali pa kuanika dagaa. Ufukwe ule una wenyewe.